Polisi wamekuja nyumbani bila taarifa kukagua bunduki yenye leseni, nalazimika kuwafungulia?

Shabaha Moja

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya wanaomiliki silaha kihalali au wanaojua sheria za haya mambo. Nina shotigani ya leseni, ni miaka sasa, karatasi zote ziko sawa, leseni nahuisha kwa wakati, sijawahi kuwa na kesi hata ya kugombana na jirani. Juzi niko kazini mke wangu ananipigia anaongea kwa sauti ya chini, anasema getini kuna watu wawili wanasema ni polisi wamekuja kuangalia bunduki, mmoja ana sare mwingine kavaa kiraia, hawakupiga simu, hawakuleta barua, hawakutuma hata meseji. Wakamwambia afungue waone sefu, yeye akawaambia funguo hana, mwenye nazo ni mume wangu na hayupo. Wakamuuliza sasa wewe ni mke wa humu ndani unakosaje kujua funguo zinakaa wapi, wakaandika vitu kwenye daftari wakaondoka, wakasema mwambie tutarudi.

Mke wangu hajakaa vizuri tangu siku hiyo, anahisi kama amenikosesha leseni. Na mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba gari lao lilisimama pale nje wazi na mtaa mzima umeona, kabla ya hapo hakuna jirani aliyekuwa anajua kwamba humu ndani kuna silaha.

Sasa naomba kujua, hivi wana haki ya kuja tu bila taarifa? Wakirudi nikiwepo nalazimika kuwaingiza ndani? Nikikataa wanaweza kufuta leseni? Na wife akiwa peke yake na watoto afanye nini? Sitaki ugomvi na polisi ila pia sitaki nyumba yangu iwe ya kuingiliwa tu kisa nimefuata sheria nikasajili silaha, maana wale wasiosajili hakuna anayewagongea geti.

---

Karani wa Mahakama

Mkuu pole na usumbufu. Kwanza kabisa usiandike hapa uko nchi gani wala mji gani, na nyie wengine msimuulize, mtu mwenye silaha ndani hatakiwi kujitangaza anapoishi. Kwahiyo nitajibu kwa jumla halafu wewe ukasome sheria ya silaha ya kwako, hasa sehemu ya masharti ya leseni, ile karatasi uliyosaini siku unapewa. Watu wengi wanasaini bila kusoma na majibu ya maswali yako karibu yote yako mle.

Jambo la msingi la kutenganisha ni hili, kuja kuangalia silaha imehifadhiwaje ni kitu kimoja na kupekua nyumba ni kitu kingine kabisa. Kupekua kwa kawaida kunahitaji hati au hali ya dharura, kwa mfano kuna mtu yuko hatarini saa hiyo hiyo. Kuangalia hifadhi ni sharti la leseni, na nchi zinatofautiana sana hapo. Uingereza kwa mfano mwaka 2014 wizara ya mambo ya ndani ilitoa mwongozo kwamba polisi wanaweza kwenda bila taarifa kwa wenye leseni, lakini mwongozo huohuo ukasema wazi kwamba hilo haliwapi mamlaka mapya ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu, na kwamba wakija lazima waeleze sababu palepale mlangoni, na wasije saa zisizo za kistaarabu isipokuwa kuna sababu maalum ya usalama. Wakitaka kuingia kwa nguvu wanarudi kwenye sheria yao ya silaha ya mwaka 1968, wanaomba hati kwa hakimu.

Ujerumani wameenda mbali zaidi. Sheria yao tangu 2009 inamtaka mwenye silaha awaruhusu watu wa mamlaka ya silaha waingie wakague hifadhi hata kama hakuna tuhuma yoyote dhidi yake. Ila hata huko hawawezi kukusukuma mlangoni, kuingia bila ridhaa yako ni mpaka kuwe na hatari kubwa ya haraka kwa usalama wa watu. Sasa ukikataa bila sababu ya maana hawavunji mlango, wanaenda kuandika kwamba wewe si mtu wa kuaminika kumiliki silaha, na uaminifu ndio sharti la leseni yenyewe. Unaona ilivyo, haki ya kukataa unayo lakini ina gharama.

Kwahiyo swali lako la "nikikataa watafuta leseni" jibu linategemea sheria yako imeandikaje, lakini kukataa kwa sababu ya muda ("sipo, naomba tupange kesho saa nne") si sawa na kukataa kukaguliwa. Hilo la kwanza afisa mwenye akili ataandika tarehe mpya na yataisha.

---

Haki Kwanza

Mi naona mnalainisha sana hili jambo. Mtu amepimwa, amechunguzwa, amepigwa picha, alama za vidole zimechukuliwa, amelipa, halafu bado anatembelewa kama mshukiwa? Hakuna mmiliki wa gari anayegongewa usiku aulizwe breki zikoje.

Na si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Kanada sheria yao ya silaha inasema mkaguzi haingii nyumba ya kuishi mpaka atoe taarifa ya kutosha kwanza, na mwenye nyumba akubali, au aje na hati. Na hata huo ukaguzi wa nyumbani wameuwekea kiwango, ni kwa mwenye mkusanyiko wa silaha au mwenye zaidi ya silaha 10 au zile zilizopigwa marufuku, siyo kila mtu mwenye bunduki moja ya kuwindia. Marekani nako mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya nchi kwenye kesi ya Caniglia dhidi ya Strom, majaji wote tisa kwa pamoja, walisema polisi hawawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila hati na kuchukua bunduki zake kwa kisingizio cha kwamba wanatoa huduma kwa jamii. Yule bwana alikuwa amegombana na mkewe, akakubali kwenda hospitali kupimwa akili, alivyoondoka wakaingia wakabeba silaha. Majaji tisa wenye mitazamo tofauti kabisa wakakubaliana kwamba nyumba ni nyumba.

Sasa ndugu yangu wakirudi ongea nao mlangoni, uliza jina, namba ya kazi, sababu, kifungu gani cha sheria, kama hawana jibu waambie waandike barua. Hilo siyo dharau ni haki yako.

---

Mama Pacha

Naomba niongee upande ambao haujaguswa, sisi tunaoishi kwenye nyumba zenye bunduki lakini bunduki si zetu.

Nimeishi kwenye ndoa ambayo mume alikuwa na leseni safi kabisa kwenye karatasi na bastola ilikuwa inakaa chini ya mto. Kila akijua anakuja kukaguliwa inarudi kwenye sefu, wanakuja wanaona kila kitu kimenyooka wanasaini wanaondoka na jioni inarudi chini ya mto. Nani angeona? Ukaguzi wa kupangiana tarehe unamkuta mtu amejiandaa, na anayejiandaa vizuri kuliko wote ni yule mwenye cha kuficha. Mtoto wangu alikuwa na umri wa kufikia kile kitanda.

Karani ametaja Ujerumani 2009 lakini hakusema kwa nini. Tarehe 11 Machi 2009 mji wa Winnenden kijana wa miaka 17 alienda kwenye shule aliyosoma zamani akaua, akakimbia akaendelea kuua, watu 15 kwa jumla kisha akajiua. Bastola ilikuwa ya baba yake, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, mtu wa leseni. Baba alikuwa na silaha 15, kumi na nne zilikuwa zimefungiwa kwenye sefu kama sheria inavyotaka na hiyo moja ilikuwa chumbani. Moja tu. Kabla ya hapo sheria yao iliruhusu ukaguzi pale tu panapokuwa na shaka ya msingi, na huyu baba hakuna aliyemshuku.

Haki Kwanza nakuelewa kaka, na mimi sipendi polisi waingie chumbani kwangu. Lakini unapozungumza haki ya nyumba jua ndani ya hiyo nyumba kuna zaidi ya mtu mmoja. Kuna mke na kuna watoto, na wao hawana mlango mwingine wa kugonga.

---

Haki Kwanza

Dada pole sana kwa uliyopitia, sikatai hata kidogo. Lakini hiyo kesi yako ilihitaji mtu wa kukusikiliza wewe, siyo ziara ya kubahatisha kwa watu wote. Ukipiga simu ukasema silaha iko chini ya mto hapo kuna sababu, waje hata saa nane usiku mi sina neno. Ninachopinga ni kugonga kwa kila mtu bila sababu.

---

Mama Pacha

Kupiga simu unajua kunagharimu nini kaka? Wakija baada ya mimi kupiga anajua ni mimi. Wakija kwa kila mtu bila kuwa na sababu hakuna wa kulaumiwa ndani ya nyumba. Hicho ndicho kitu ambacho ziara za namna hii zinampa mwanamke na mnaongea kana kwamba hakipo.

Na hata wakisikilizwa watu bado inafeli. Plymouth Uingereza, Agosti 2021, kijana aliyeua watu watano kwa shotigani ya leseni polisi walikuwa wameshamnyang'anya hiyo bunduki na cheti kwa sababu ya kupiga watu, wakamrudishia mwezi Julai, mwezi mmoja kabla. Wa kwanza kufa alikuwa mama yake mzazi.

---

Baba Sefu

Nimesoma wote. Mimi namiliki raifo na shotigani kwa miaka mingi na nimekaguliwa mara nyingi, kwa taarifa na bila taarifa, kwahiyo ntaongea ya vitendo.

Shabaha Moja, mwambie shemeji alale usingizi. Alichosema getini ndilo jibu bora kuliko yote. Fikiria kinyume chake, angesema "ngoja nichukue funguo kwenye kabati" akawafungulia. Hapohapo wangekuwa wameona kwamba mtu asiye na leseni anaweza kufikia silaha akiwa peke yake, na hilo ndilo kosa wanalolitafuta. Sehemu nyingi sharti la leseni linasema uhifadhi silaha namna ambayo mtu asiyeruhusiwa hawezi kuifikia, na mke asiye na leseni ni mtu asiyeruhusiwa, haijalishi mna watoto wangapi. Yule afisa aliyemuuliza "unakosaje kujua" ama alikuwa anampima ama hajui kazi yake, na kwa vyovyote vile jibu la shemeji lilikuwa sahihi. Kama wameliandika kwenye daftari basi wameandika kitu kizuri juu yako.

Sasa funguo. Hili watu wengi wanadhani wamelimaliza na hawajalimaliza. Sefu ya laki ngapi sijui halafu funguo iko kwenye droo ya soksi, au juu ya fremu ya mlango, au kwenye kopo la vifungo. Mwizi anajua hizo sehemu zote na mtoto anazijua zaidi ya mwizi. Mahakama ya rufaa ya utawala ya Münster kule Ujerumani mwaka 2023 ilisema kabisa kwamba funguo ya sefu ya silaha nayo ihifadhiwe kwenye chombo chenye usalama wa kiwango kilekile cha sefu yenyewe, na kesi yenyewe ilitokana na wezi kuingia nyumba ya mtu na kupata funguo. Ukifikiria utaona wana hoja, maana sefu haiwezi kuwa ngumu kuliko mahali funguo inapokaa. Mimi nilihamia sefu ya namba za siri nikaachana na biashara ya funguo kabisa, namba haijaandikwa popote na siyo tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Kama yako ni ya funguo basi itembee na wewe mwilini, ukienda kazini inaenda kazini.

Risasi zikae kivyake zimefungiwa kivyake. Wajapani wanalazimisha hivyo, bunduki kasha lake risasi kasha lake, na kila mwaka mmiliki anapeleka silaha kukaguliwa, na askari anaweza kufika nyumbani kuona makasha. Hata kama kwenu hailazimishwi fanya, mtu akivunja kimoja bado hana kitu cha kufyatua.

Ile ya gari kusimama nje mtaa ukaona, hapo nakuunga mkono kwa asilimia zote. Hilo ni kosa lao na ni hatari ya kweli. Liandikie malalamiko kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, uombe ziara zijazo zifanywe na gari lisilo na alama. Sehemu nyingine maafisa wa leseni ni raia na wanakuja na gari la kawaida kwa sababu hiyohiyo.

---

Afande Mstaafu

Nimefanya kazi hii upande wa leseni kabla ya kustaafu, naongezea machache kutoka upande wa pili wa geti.

La kwanza na la muhimu kuliko yote, hakikisheni ni polisi kweli. Mmekaa mnabishana kuhusu haki za polisi na hakuna aliyeuliza kama wale watu wawili walikuwa polisi. Mwizi anayetafuta silaha njia rahisi kwake ni kuvaa sare na kusema nimekuja kukagua. Shabaha Moja, uliwapigia kituoni? Mke alipewa jina au namba? Usipige namba waliyoacha wao, piga ile ya kituo uliyonayo mwenyewe kwenye makaratasi ya leseni, uliza kama kuna mtu alitumwa kwako siku hiyo. Afisa wa kweli hakasiriki akiambiwa "subiri nje nihakikishe", akikasirika hiyo ni dalili. Na mke akiwa peke yake na watoto geti halifunguliwi kabisa, anaongea kupitia dirishani, anachukua majina, anakupigia wewe na anapiga kituoni. Hakuna ukaguzi wa hifadhi ambao hauwezi kusubiri mwenye silaha arudi.

La pili, tunachokuja kuangalia ni kidogo sana kuliko watu wanavyoogopa. Silaha zote zilizoko kwenye leseni zipo? Namba zilizochongwa kwenye chuma zinalingana na za kwenye karatasi? Sefu imefungwa kwa bolti ukutani au sakafuni au ni ile ya kubebwa na watu wawili? Risasi hazizidi idadi iliyoruhusiwa? Nani mwingine anaishi humu tangu mara ya mwisho? Tunaangalia na mtu mwenyewe, kama amelewa, kama nyumba imebadilika, kama mke anaongea huku anamwangalia mume kabla ya kujibu. Hili la mwisho haliko kwenye fomu lakini Mama Pacha anajua ninachosema. Mimi kwenye kazi yangu nilijifunza zaidi kwa dakika mbili za mlangoni bila taarifa kuliko kwa saa nzima ya miadi. Dada yangu yuko sahihi kuhusu hilo.

La tatu, ukaguzi unaishia kwenye sefu. Afisa hana kazi jikoni wala kwenye kabati la nguo, hafungui droo, hapigi picha za watoto. Akianza kutembea vyumba mwambie kwa utulivu "hifadhi ya silaha iko huku" na usimame hapo. Haki Kwanza naye hapo yuko sahihi. Na tafadhali sana, ukisikia polisi wako getini usitoke na bunduki mkononi ukidhani unarahisisha kazi. Wapeleke kwenye sefu, fungua wakiwa wanaona, mwambie afisa kabla ya kugusa, mdomo wa mtutu usielekee kwa mtu, fungua chemba waone ni tupu, ndipo wasome namba. Baada ya hapo omba wakuandikie kwamba walikuja na walikuta nini, tarehe na sahihi. Hiyo karatasi itunze na leseni.

---

Shabaha Moja

Wakuu nashukuru sana, mmenifungua macho. Afande swali lako la kwanza lilinishtua kiukweli, nikapiga kituoni leo asubuhi kwa namba ya kwenye leseni. Ni kweli walitumwa, yuko kwenye orodha yule wa sare, na wamekubali kurudi siku nitakayokuwepo. Nimeuliza sababu wakasema ni ukaguzi wa kawaida kwa wote. Malalamiko ya gari nimeyaandika kama Baba Sefu alivyosema, nayapeleka kwa mkono ili wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu.

Mke nimemsomea majibu yenu, kafurahi sana pale kwamba jibu lake lilikuwa sahihi. Ila ameniuliza kitu na mimi sina jibu, anasema ikitokea mimi nimefariki au niko hospitali sijitambui na namba au funguo ninazo mimi tu, yeye afanyeje na silaha iliyomo ndani?

---

Afande Mstaafu

Swali zuri sana hilo na wengi hawalifikirii. Asiifungue, asimwite fundi wa kufuli, asimpe shemeji wala kaka mtu aihamishe, kwa sababu yeyote atakayeishika bila leseni anaweza kuingia kwenye kosa hata kama nia ni njema. Apige kituoni aseme mume wangu mwenye leseni namba fulani hayupo au hajiwezi, silaha iko kwenye sefu, njooni mchukue mtunze. Wanakuja, wanafungua wao, wanamwandikia risiti yenye namba ya silaha. Mengine ya mirathi au kuuza yatafuata polepole na familia inabaki salama kisheria. Muandikie namba ya leseni na namba ya simu ya kituo kwenye karatasi aitunze yeye, hizo mbili tu.

---

Baba Sefu

Na jina la dila aliyekuuzia pia liandike hapo, sehemu nyingi dila mwenye leseni anaruhusiwa kuipokea na kuihifadhi kwa niaba ya familia mpaka waamue. Polisi wakichelewa hiyo ni njia ya pili, ila ampigie aje yeye mwenyewe, asimpelekee.